Waliokuja Kumwona Babu Kaole

Juzi nilifungua kompyuta kuukuu pale ofisini, ile kubwa ya mezani ambayo hakuna anayeitaka tena, nikaipuliza vumbi, nikaiwasha kabla sijarudisha kifuniko. Ikatoa harufu ya vumbi linalopata moto. Nyie mliokulia kwenye kafe za intaneti mnaijua. Si harufu ya kuungua, wala si ya plastiki. Ni kavu, inakaa juu kabisa ya pua na inakufuata mpaka nyumbani, kwenye nguo. Nilisimama pale na bisibisi mkononi, na ghafla nikapandwa na hasira ambayo mwenzangu wa meza ya pili hakuielewa, maana alichoniuliza ni kama nitakunywa chai tu.

Harufu ile ni ya duka la Bwana Shabir, Bagamoyo. Mbele aliuza madaftari, kalamu na karatasi za zawadi. Nyuma, palipokuwa stoo ya babu yake, alikuwa ameweka kompyuta chache juu ya meza ndefu. Dada yangu Hawa ndiye aliyezisimamia. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na hesabu amefaulu vizuri sana, lakini Baba, aliyekuwa na duka la nguo Pangani na kuja nyumbani kwa vipindi, alisema asubiri kwanza, tutaona. Kusubiri kwenyewe kukawa ni kuwachapia watu barua za kuomba kazi na kuwatolea kopi za vyeti. Mama alikubali kwa sharti moja: mimi nikitoka shule niende moja kwa moja dukani nikae naye mpaka saa ya madrasa. Basi mlinzi wa heshima ya dada yangu nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la pili, mwenye mapengo, nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa.

Baada ya adhuhuri mji ulilala. Bwana Shabir alipanda ghorofani kupumzika, wateja hakuna, feni inazungusha joto lilelile. Hapo ndipo Da' Hawa alipounganisha intaneti. Ilikuwa ikilia kwanza, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, halafu inanyamaza, na yeye anavuta kiti mbele, anavua ndala, anakunja miguu. Uso wake ulibadilika. Nyumbani alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuitwa. Pale alikuwa na uso wa mtu aliyefika.

Alikuwa akiingia kwenye jukwaa moja la Kiswahili la watu wapenda kompyuta na gemu. Walikuwa wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, wengine wako masomoni nje, na kazi yao ilikuwa kubishana. Kompyuta ipi ina nguvu. Simu zitaishia kuwa ndogo kiasi gani. Kama intaneti itavunja ndoa za watu. Nikichoka kukaa kimya, dada alinisomea kwa sauti.

"Huyu anasema gemu zinawafanya watoto wawe wezi."

"Wanaiba nini?"

"Hela za mama zao, za kwenda kuchezea."

"Na wewe unasemaje?"

Akaanza kuandika, vidole vinakimbia. "Babu Kaole anasema, kabla ya gemu walikuwa wanaiba za kununulia ubuyu."

Akacheka peke yake. Kesho yake watu kibao walikuwa wamemjibu huyo Babu Kaole, wakimpa shikamoo, wakisema mzee umenena. Da' Hawa alikuwa akisoma zile shikamoo na kutabasamu akiwa ameinamisha kichwa, kama wanavyotabasamu wasichana wakitajiwa mtu. Nami niliona yote kutoka kwenye ndoo yangu, na moyo wangu ukaanza kuingia baridi.

Maana mimi nilielewa hivi: Babu Kaole ni mzee anayeishi Kaole. Kaole nilikuwa nimeshapelekwa na shule, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na nilimwona kabisa mzee huyo akitoka baina ya yale makaburi, ana mapengo, ana fimbo, anakwenda kwenye kompyuta yake kumwandikia dada yangu. Mwaka ule ule Mwajuma wa nyumba ya pili alikuwa ameozwa kwa mwanamume aliyempita baba yake umri, na nilimsikia Mama akilisemea jikoni kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nilijua mambo hayo yapo. Nilimchukia Babu Kaole kuliko mbwa wa mwalimu mkuu. Nikiwa madrasa nilimwombea aharibikiwe na kompyuta.

Nyie mmeshaelewa, bila shaka. Babu Kaole alikuwa dada yangu mwenyewe.

Sababu nilikuja kuijua nikiwa mkubwa. Mwanzoni alijiunga kwa jina lake, Hawa, akauliza swali la kawaida: gemu fulani ya kujenga miji inaganda kila ikifika mahali pamoja, afanye nini? Akajibiwa na wengi. Mmoja aliuliza yuko mkoa gani, mwingine kama ameolewa, mwingine akaomba picha, mwingine akamwambia gemu ya kupika ingemfaa zaidi. Jibu la swali hakulipata. Akakaa, akafungua akaunti nyingine, akajiita mzee wa Kaole, akauliza swali lilelile, neno kwa neno. Kabla jua halijazama alikuwa ameelekezwa kila kitu kwa heshima zote, shikamoo juu. Akaniambia, "Nilicheka, Tatu. Halafu nikakasirika. Halafu nikaona, basi, kama ndiyo hivyo, na nitumie mlango uliofunguka."

Akautumia. Ile gemu akaijua ndani nje, akaanza kuandika maelezo marefu ya jinsi ya kuichezea kwenye mashine dhaifu: punguza vivuli, zima muziki, funga kila kitu kingine, usiwashe na feni ya ukutani kwa waya mmoja. Wengine jukwaani waliandika habari za kompyuta za ndoto. Babu Kaole aliwaandikia watu wenye kompyuta zilizotupwa na maofisi, yaani karibu sote. Watu wa Kigoma walimshukuru. Watu walisubiri aseme. Ugomvi ukiwaka, mtu angeandika, "Tumngoje babu."

Kisha ikaja habari ya gazeti. Msimamizi wa jukwaa, aliyejiita Mhandisi, alikuwa anaanzisha na wenzake gazeti la kompyuta, la karatasi, la kuuzwa vibandani nchi nzima. Akamwandikia Babu Kaole kwamba wanamtaka awe na ukurasa wake kila toleo, kwa malipo, na kwamba wangependa kuja kumwona ana kwa ana, wamwombe kwa adabu kama anavyostahili mzee.

Da' Hawa alikaa na maneno hayo wiki nzima. Kazi ya kuandikia gazeti la Dar ingemnyamazisha Baba, na ingempeleka chuo. Lakini gazeti haliwezi kumlipa mtu asiyekuwepo. Mwisho akawajibu: karibuni Bagamoyo.

Mama aliambiwa kwamba wanakuja watu wa gazeti kuzungumza kazi. Mimi sikuambiwa kitu, nikaona tu. Niliona mkeka mpya unatandikwa sebuleni. Nikaona ukwaju unachujwa na kashata zinapangwa kwenye sahani ya wageni. Nikamwona dada amevaa baibui lake la Idi, amepaka wanja. Kisha gari dogo jeupe likasimama mlangoni, wakashuka wanaume. Kwetu, mpangilio huo una maana moja tu. Walikuwa wamekuja kuposa, wametumwa na yule mzee.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo mama," akasema wa mbele, kijana wa miwani, shati amechomekea. Huyo ndiye Mhandisi. Mwenzake, mrefu, amevaa fulana ya mpira wa kikapu, jukwaani alijiita Ninja.

"Marahaba, wanangu. Mmefika salama?"

"Salama, mama. Tumekuja kumwona mzee. Tuna ombi."

Nikajibana nyuma ya pazia. Ombi! Mama akashangaa kidogo.

"Mzee yuko Pangani, baba. Mpaka mwezi ujao, inshallah. Lakini mwenye shughuli na nyinyi yupo, huyu hapa."

Da' Hawa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Sauti yake ilitoka ndogo, akakohoa, akaanza upya. "Karibuni sana. Babu Kaole ni mimi."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu waliopewa utani mzuri na mwenyeji wao. Ninja akapiga makofi. "Dada bwana! Haya, mwambie babu tumefika, tumeshavua na viatu."

"Ni mimi ninayeandika," akasema tena. Akamgeukia yule wa miwani. "Wewe ndiye Mhandisi. Tulibishana habari ya diski za kunakili. Ulisema anayezinunua ni mwizi, nikakujibu kwamba Bagamoyo hapana duka linalouza za halali, sasa tuibe au tukae tunatazamana? Ukanuna, ukafunga mada."

Mhandisi aliacha kucheka. Alimtazama, akamtazama mwenzake, nikaona anafikiri sana. Halafu uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Ahaa! Kumbe wewe ndiye unayemchapia."

"Simchapii mtu."

"Ni macho?" Ninja akauliza kwa huruma ya kweli. "Babu haoni vizuri? Maana babu yangu mimi naye ana mtoto wa jicho, hasomi kitu."

Nimewafikiria sana wale vijana. Laiti wangekuwa wajeuri ningewasahau. Walikuwa na adabu. Walikunywa ukwaju, wakamsifu Mama kwa kashata, wakaniuliza nasoma darasa la ngapi. Walikuwa tayari kuamini kwamba kuna mzee kipofu mahali fulani mjini anayejua gemu kuliko vijana wa chuo kikuu, anayemsomea mjukuu wake imla neno baada ya neno mpaka mahali pa kuweka nukta. Hilo liliwaingia akilini. Lile la msichana aliyekaa mbele yao, hapana.

Dada akasema, "Twendeni dukani nikawaonyeshe. Nitaingia kwenye akaunti mbele yenu."

Wakainuka, nami nyuma yao. Dukani umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na jenereta ya Bwana Shabir haikuwa na mafuta. Bwana Shabir akashuka na kikoi chake, anafikicha macho, na dada akamwomba awaambie hawa wageni ni nani anayeandika pale. Masikini, alitaka kumsaidia.

"Hawa? Hodari sana huyu!" akasema kwa fahari. "Kila kitu hapa anachapa yeye. Mpe barua ya mtu yeyote, yeye anachapa, kosa hata moja hakuna."

Mhandisi akatikisa kichwa kwa upole, kama hakimu aliyesikia ushahidi wa kutosha.

Nilimwona dada yangu amesimama kando ya zile kompyuta zilizozima, mkono juu ya kibodi, anaibonyezabonyeza bila kujua. Akajaribu tena. Akawaeleza ukurasa wake wa kwanza ungehusu nini, kwamba ameshauandika kichwani. Aliongea haraka, kanga ya kichwani ikimteremka, na kadiri alivyoongea ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Mwisho Mhandisi akatazama saa, akasema wangependa kupita Kaole kuyaona magofu kabla ya kurudi Dar.

"Msalimie sana babu," akamwambia. "Mwambie nafasi yake ipo. Akiwa tayari kuonana na sisi, sisi tupo."

Gari likaondoka. Nami nikashukuru Mungu, maana kwa nilivyoona, washenga walikuwa wamemkataa dada. Hilo lilinitia faraja na uchungu kwa pamoja: sikutaka aolewe na mzee, lakini nilitaka kujua wao wamemwonaje hata wasimtake, na alipendeza vile.

Umeme uliporudi aliingia jukwaani akaandika ukweli wote. Nilikuwa kwenye ndoo yangu. Hakunisomea. Alisoma majibu kimya, akiteremka polepole. Baadaye sana alikuja kunieleza yaliyokuwamo. Kwanza walimshukuru babu kwa mjukuu mkarimu. Alipokataa, wakasema mjukuu amezoea vibaya. Alipozidi kukataa, mtu akasema wazi kwamba binti ameiba neno la siri la mzee wa watu ili apate kazi ya gazeti. Mada ikawa ndefu kuliko zote alizowahi kufungua. Wakatoa maoni kuhusu wasichana na kompyuta, wasichana na ukweli, wasichana wa pwani hasa. Siku ya pili Mhandisi akatangaza kwamba, kwa kumlinda mzee, akaunti imefungwa mpaka mwenyewe atakapojitokeza.

Mimi nilichokiona ni dada kusukuma kiti nyuma na kusema kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, "Wamemfungia Babu Kaole."

Wamemfungia! Nikamwona mzee wangu nyuma ya nondo za kituo cha polisi, fimbo amenyang'anywa. Furaha iliyonijia sijui niifananishe na nini. Nilitaka kumkumbatia dada, nikaona analia. Analia bila sauti, machozi yanaangukia kibodi, nami nikaudhika naye: kumbe alikuwa anampenda yule kizee! Siku hiyo madrasa nilisoma kwa sauti kuwashinda wote.

Hakuingia tena jukwaani. Aliendelea kuchapa barua za watu mpaka Baba aliporudi, na baada ya mizunguko mingi akapelekwa chuo cha ualimu. Gazeti lilitoka, nasikia, likafa upesi kama yalivyokufa mengi. Ukurasa wa wenye kompyuta mbovu haukuwamo.

Ukweli niliupata nikiwa sekondari. Nilimwambia kwa dharau ya umri ule, "Afadhali yule mzee wako wa mapengo walimfunga." Alicheka mpaka akakaa chini, akanieleza. Nami nikacheka naye, lakini niliacha kabla yake.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Leo nami nimo kwenye kundi la watu wa kompyuta na gemu, lipo kwenye simu, watu wazima wenye kazi na watoto. Tunabishana kama wale wa zamani, kasi tu ndiyo imeongezeka: akili bandia itatunyima kazi, watoto wameharibiwa na simu, gemu za siku hizi hazina ladha. Wiki hii mmoja aliuliza kwa nini wanawake kundini ni wachache na hawachangii. Wakampa sababu, zote za kutoka vichwani mwao: hawapendi, hawana muda, ubongo wao hauko hivyo. Katikati ya mazungumzo hayo mwingine, wa enzi zile, akaandika, "Zamani majukwaani kulikuwa na vichwa. Mnamkumbuka Babu Kaole?"

Wakamkumbuka. Ujumbe juu ya ujumbe. Mmoja alisema maelezo ya babu ndiyo yaliyomfanya asomee kompyuta. Mwingine alisema mzee alikuwa fundi mitambo wa bandari, amestaafu. Mwingine alikuwa na hakika kwamba amefariki, Mungu amrehemu, na kwamba mwishoni mjukuu wake alimfanyia uhuni.

Nilimpigia Da' Hawa. Yeye anafundisha hesabu sekondari ya Lugoba, ana watoto wake, ana mvi mbili tatu anazozificha. Nikamsomea yote.

"Wamenizika kabisa?" akasema.

"Dada, niandike?"

"Andika ukitaka. Mimi hainidhuru tena."

Nikaandika. Niliandika taratibu, bila tusi, kwa jina langu na lake. Haikupita muda wakaanza. Ushahidi uko wapi? Kila mtu anaweza kudai. Mmoja, mpole kama wale wa siku ile, akasema hataki kuniudhi, lakini lugha ya Babu Kaole ilikuwa ya mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, si ya msichana. Mwingine akaomba picha ya dada, ya wakati ule, akaongeza kikatuni kinachokonyeza.

Nikampigia tena. Alikuwa kwenye mapumziko, malori ya barabara kuu yananguruma nyuma yake, nikamlalamikia bila kupumua. Watu wazima hawa! Wamesoma! Wanataka nini zaidi, wamfufue huyo mzee wao?

Akaniacha nimalize.

"Hata wewe ulimwamini, Tatu," akasema. "Mpaka mapengo yake uliyaona."

"Nilikuwa mtoto, dada."

"Ndiyo," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto."